Pointi zilezile msimu wa pili: namna ya kuchunguza timu iliyoshindwa kupanda

Ligi ikimalizika na timu ikabaki palepale ilipokuwa mwaka uliopita, kikao cha tathmini huanza na jina la mtu. Kocha. Kipa. Katibu aliyechelewesha posho. Jina likishatajwa hakuna anayefungua tena daftari, na msimu unaofuata timu inarudi uwanjani na mtu mpya pamoja na tatizo la zamani.

Mwongozo huu ni wa makatibu, makocha na wanachama wa timu za Mtwara na Lindi, kuanzia ligi ya wilaya mpaka Ligi Kuu. Kazi yenyewe inataka watu wawili wanaoelewana, siku mbili, karatasi ya grafu, na kumbukumbu za mechi zote za misimu miwili: matokeo, dakika za mabao, walioanza, waliotoka na walioingia. Ngazi za chini kumbukumbu hizi mara nyingi hazijakamilika, lakini hazijapotea pia. Pitia picha za orodha za wachezaji kwenye simu za viongozi, uliza nakala za ripoti chama cha mpira cha wilaya au mkoa, halafu fungua kundi la WhatsApp la timu siku ya kila mechi. Mashabiki huandika bao papo hapo, na kila ujumbe una saa yake. Mechi iliyoanza saa 10:00 alasiri, bao lililotangazwa saa 11:35 ni la karibu dakika ya 78, ukitoa mapumziko ya dakika 15 na dakika mbili za nyongeza za kipindi cha kwanza.

Linganisha vinavyolingana

Jumla ya pointi hudanganya idadi ya mechi inapobadilika. Ligi Kuu yenyewe ilikuwa na timu 20 msimu wa 2019/20, ikawa na 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 kuanzia 2021/22. Hizo ni mechi 38, halafu 34, halafu 30. Timu iliyokusanya pointi 46 katika mechi 38 na mwaka uliofuata 41 katika mechi 34 haijashuka hata kidogo. Ni pointi 1.21 kwa mechi misimu yote miwili. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kugawa pointi kwa mechi na kubakiza desimali mbili.

Nafasi kwenye msimamo ni kipimo kibovu zaidi kuliko pointi, kwa sababu inategemea wengine walivyocheza na kanuni za mwaka huo. Ndanda ya Mtwara ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2019/20, msimu ambao timu nne zilishuka moja kwa moja huku ligi ikipunguzwa. Nafasi inayookoa timu mwaka mmoja inaweza kuizamisha mwaka mwingine bila mpira wake kuharibika. Andika nafasi pembeni kama taarifa, usiijengee hoja.

Kisha toa pointi za mezani. Mpinzani aliyeshindwa kufika uwanjani amekupa pointi 3 na mabao 3 ambayo hayasemi chochote kuhusu kikosi chako. Ziondoe pamoja na mechi yenyewe kwenye hesabu. Na kama timu yako ndiyo iliyopokonywa pointi kwa kumchezesha mchezaji asiye na leseni au anayetumikia kadi, ziandike kwenye karatasi ya peke yake. Pointi hizo zikitosha kueleza pengo lote, sababu imeshapatikana ofisini na benchi la ufundi halina cha kujibu.

Angalia pia mfumo wa ligi. Ligi ya mkoa ikichezwa kwa kituo kimoja mwaka huu na kwa nyumbani na ugenini mwaka jana, faida ya uwanja wa nyumbani imeondoka. Hapo linganisha mechi za ugenini za mwaka jana na mechi za kituo, zile ulizocheza mbali na mji wako.

Pima ukubwa wa bahati

Hapa ndipo vikao vingi hupotea njia, kwa hiyo tulia. Chukua timu ya katikati ya msimamo: katika kila mechi 100 inashinda 35, inatoka sare 30 na kufungwa 35. Wastani wake ni pointi 1.35 kwa mechi, yaani karibu pointi 40 katika mechi 30. Tuseme kiwango chake hakibadiliki kabisa, wachezaji walewale, kocha yuleyule. Bado pointi zake zitapanda na kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu ya mpira uliogonga mwamba, penalti iliyopaa na mvua iliyonyesha kipindi cha pili. Katika misimu miwili kati ya mitatu itamaliza ndani ya pointi 7 juu au chini ya wastani huo. Msimu wa tatu utapita hapo. Kwa ligi ya mechi 22 kipimo hicho ni pointi 6, na kwa mechi 14 ni karibu 5.

Ukilinganisha misimu miwili, bahati ya mwaka huu inagongana na bahati ya mwaka jana, na pengo linalotokana na bahati tupu linafika pointi 10 kwa ligi ya mechi 30. Timu iliyopata 39 kisha 37 haijaonyesha kuwa imeshuka, wala iliyopata 37 kisha 41 haijaonyesha kuwa imepanda. Msimamo peke yake hauwezi kukuambia. Itabidi uchimbe chini yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba msimu wa kulaumiwa unaweza kuwa ule wa mwanzo. Timu iliyopanda daraja ikashangaza watu mwaka wake wa kwanza, aghalabu ilikuwa nzuri na ilikuwa na bahati kwa wakati mmoja. Uzuri unaweza kubaki. Bahati haisajiliwi. Ndiyo maana msimu wa pili huonekana kama anguko hata pale ambapo timu imebaki ileile.

Uliza mabao, yanajua zaidi

Tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa huyumba kidogo kuliko pointi, na hutabiri msimu unaofuata vizuri zaidi. Kanuni ya takriban ni hii:

Pointi tarajiwa = (mechi × 1.36) + (tofauti ya mabao × 0.7)

Namba 1.36 ni wastani wa pointi kwa timu kwa mechi katika ligi yenye sare zipatazo 27 kati ya mechi 100. Ya ligi yako utaipata kwa kujumlisha pointi za timu zote kwenye msimamo na kugawa kwa jumla ya safu ya mechi zilizochezwa. Namba 0.7 ni thamani ya bao moja la tofauti. Ligi zenye mabao mengi huwa chini yake kidogo. Kwenye ligi za wilaya ambako hutokea 8-0, usihesabu tofauti inayozidi mabao 3 katika mechi moja, la sivyo timu moja dhaifu itakupamba usivyostahili.

Tuipitie kwa mfano wa timu ya kubuni. Msimu wa kwanza: mechi 30, ushindi 10, sare 9, kufungwa 11, pointi 39, mabao 27 kwa 33. Tofauti ni −6, kwa hiyo pointi tarajiwa ni 40.8 − 4.2, yaani 36.6. Imepata mbili na ushee zaidi ya ilizostahili. Msimu wa pili: ushindi 9, sare 10, kufungwa 11, pointi 37, mabao 31 kwa 30. Tofauti ni +1, pointi tarajiwa ni 41.5, na imepata nne na nusu pungufu.

Tazama yanayotokea. Msimamo unasema timu imeshuka kwa pointi 2. Mabao yanasema imepanda kwa karibu 5. Kikao kisichofanya hesabu hii kitamfukuza kocha aliyeiboresha timu, na kitavunja safu ya ushambuliaji iliyoongeza mabao manne.

Kama hesabu za desimali zinachosha, tumia grafu. Mstari wa chini uwe tofauti ya mabao, wa kusimama uwe pointi. Weka nukta ya kila timu ya ligi, pitisha rula katikati ya nukta zote, kisha tazama timu yako iko juu ya mstari au chini. Iliyo juu ilipata zaidi ya ilichocheza. Iliyo chini inadaiwa maelezo, na maelezo hayo hutafutwa kwenye dakika.

Dakika ya 75

Chora safu nne: mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo dakika ya 75, matokeo ya mwisho. Jaza mechi zote 30, kisha hesabu jumla mbili za pointi: ambazo timu ingepata kama filimbi ingelia dakika ya 75, na ilizopata kweli.

Timu yetu ya mfano, msimu wa kwanza ilikuwa na 38 dakika ya 75 na ikamaliza na 39. Msimu wa pili ilikuwa na 44 ikamaliza na 37. Pointi 7 zimevuja dakika 15 za mwisho katika mechi tatu tu: ugenini ikiongoza ikafungwa (3), ugenini ikiongoza ikatoka sare (2), nyumbani ikiongoza ikatoka sare (2).

Usikimbilie kusema "hatuna pumzi". Mechi tatu ni chache, na karibu kila ligi duniani hufunga mabao mengi zaidi robo saa ya mwisho. Kuthibitisha, rudi kwenye mechi zote za ugenini, hata zile ulizoshinda, na uhesabu kona na mashuti mliyoruhusu kwa kila dakika 15. Wapinzani nao wamechoka, hivyo jilinganishe nao: robo ya mwisho ninyi mlipiga mangapi, wao mangapi? Uwiano ukibaki kama wa robo zilizotangulia, mabao yale ya mwisho yalikuwa bahati mbaya na hakuna dawa ya kununua. Wapinzani wakiwa wanapiga mara mbili ya kawaida yao huku ninyi mkikauka, tatizo ni la kweli.

Likiwa la kweli, tazama mabadiliko. Sheria za sasa zinaruhusu mashindano kuwapa timu nafasi ya kubadili wachezaji watano. Andika dakika ya kila badiliko na jumla ya dakika ambazo aliyeingia alikuwa amecheza msimu mzima. Mabadiliko yanayoanza dakika ya 80 na kuendelea, tena ya wachezaji wenye dakika chini ya 200, yanaonyesha kuwa kocha haliamini benchi lake. Hapo suala ni la usajili au la mazoezi ya kikosi cha pili. Mabadiliko yakiwa ya mapema na ya wachezaji wazoefu lakini timu bado inazama, tafuta kwenye maandalizi ya msimu, safari na maji.

Safari

Timu za Kusini zinasafiri kuliko wengi wanavyokumbuka wanapozilaumu. Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560 kwa barabara, na kwa mechi za Mwanza au Bukoba, Dar ni nusu ya njia au pungufu. Kwa timu ya Newala au Nanyumbu ligi ya mkoa nayo ina safari zake, na kwa Lindi, safari ya Liwale mvua zikikolea inakula siku nzima.

Gawa mechi za ugenini katika makundi matatu kwa idadi ya usiku mliolala mji wa mechi kabla ya kucheza: sifuri, mmoja, miwili au zaidi. Tafuta pointi kwa mechi katika kila kundi, misimu yote miwili. Mara nyingi msimu ulioharibika ndio ambao usiku wa malazi ulipunguzwa, kwa sababu chakula na kulala kwa watu 25 ndicho kitu cha kwanza kukatwa fedha zikipungua. Kama mwaka jana mlilala ugenini kabla ya mechi 12 kati ya 15 na mwaka huu 6, hilo ni badiliko kubwa kuliko kumbadili winga.

Kiwango cha chini tunachopendekeza: usiku mmoja kamili kwa safari ya kilomita 200 hadi 400, miwili kwa Dar, mitatu kwa Kanda ya Ziwa. Ndani ya basi, simama kila baada ya saa mbili kwa dakika 10, watu watembee na kunyoosha misuli ya nyuma ya mapaja. Msimu wa mvua ongeza siku ya tahadhari. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar upande wa Kilwa, na aliyekuwa amepanga kufika saa chache kabla ya mechi hakuwa na la kufanya.

Maji hayahitaji bajeti, yanahitaji mizani. Pima kila mchezaji kabla na baada ya mazoezi makali, akiwa na bukta tu, jasho limefutwa. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake alicheza dakika za mwisho akiwa amekauka. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 1.4. Unyevunyevu wa pwani yetu huzuia jasho kukauka mwilini, kwa hiyo mtu hutoka jasho jingi na joto halipungui. Kwa kila kilo iliyopotea anywe lita 1.2 hadi 1.5 katika saa chache zinazofuata, kidogokidogo. Maji matupu mengi kwa mkupuo hutoka kama mkojo; mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vifutwe juu visiwe na mlima, hukaa mwilini vizuri zaidi. Wachezaji wawili au watatu hupoteza mara mbili ya wenzao. Wajue kwa majina, kwa sababu mara nyingi ndio beki au kiungo anayechelewa hatua moja dakika ya 82.

Mashuti na mipira ya kutenga

Timu ikipungukiwa mabao, uliza kama ilipiga mashuti machache au ilipiga yaleyale yakakataa. Kwenye ligi zilizopimwa, takriban shuti 1 kati ya 10 huwa bao. Shuti la ndani ya boksi huingia mara 15 hivi katika kila 100, la nje ya boksi mara 3 au 4. Timu iliyofunga 1 kati ya 6 mwaka jana ilikuwa imekopa, na kurudi kwenye 1 kati ya 9 hakumaanishi straika amekwisha. Mashuti yakipungua kutoka 11 kwa mechi hadi 8, hapo kuna la kurekebisha katikati ya uwanja.

Kona, faulo na penalti huleta kati ya robo na theluthi ya mabao yote. Hesabu mabao haya peke yake, ya kufunga na ya kufungwa. Timu hupoteza mengi hapa pindi mpigaji mmoja mzuri wa kona anapohama, na hakuna anayelisema hilo wakati wa usajili kwa sababu hakuwa na jina kubwa. Marekebisho yake ni rahisi kuliko yote katika mwongozo huu: dakika 20, mara mbili kwa wiki, kila mtu na alama yake ya kusimama. Viwanja vya mchanga vinaharibu pasi za chini, lakini krosi ya kona haijali mchanga.

Hesabu dakika zilizobaki, usihesabu majina mapya

Viongozi hutathmini usajili kwa walioingia. Tathmini waliobaki. Mechi 30 zina dakika 29,700 za wachezaji (30 × 90 × 11), na mechi 22 zina 21,780. Chukua dakika zilizochezwa msimu uliopita na wale ambao bado wako, gawa kwa jumla hiyo. Timu iliyobakiza chini ya nusu ya dakika zake ni timu mpya yenye jezi ya zamani, na kuitaka ipande mwaka huohuo ni kuitaka ifanye kazi mbili. Kwetu sisi kiwango kizuri ni asilimia 65 na kuendelea.

Kisha vunja hesabu hiyo kwa mistari: kipa na mabeki, viungo, washambuliaji. Kupoteza nusu ya dakika zilizosambaa kila mstari kunavumilika. Kupoteza mabeki wa kati wote wawili pamoja na kipa, wakati asilimia ya jumla inaonekana nzuri, ndilo shimo ambalo hujionyesha mechi tano za kwanza. Angalia pia tarehe: aliyejiunga siku kumi kabla ya mechi ya kwanza hakupata maandalizi ya msimu, na wiki sita za maandalizi hazilipwi kwa wiki mbili.

Mafanikio nayo huongeza mzigo. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Agosti 2020 na kufungwa na Simba 2-1, na kwa njia hiyo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ikavuka hadi makundi, ikakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Hizo ni mechi sita za makundi, tatu ugenini, juu ya raundi za mwanzo na juu ya mechi 34 za ligi. Safari ya Luanda ya kucheza na 1º de Agosto ilivurugwa na karantini ya korona, na mechi zote mbili zikahamishiwa Dar es Salaam. Kwa msimu kama huo usilinganishe pointi za ligi kabla ya kujumlisha dakika za mashindano yote. Mchezaji aliyetoka dakika 2,600 hadi 3,500 bila msaidizi anayemwamini amepewa mzigo mpya, na misuli yake inajua.

Kalenda ya Kusini

Kuna sababu ambazo kocha mgeni hazioni kwa sababu hazimo kwenye ratiba ya ligi. Kuanzia Juni hadi Agosti watu wako mashambani wanapulizia mikorosho. Mavuno huanza Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka karibu Januari. Kwa timu za wilaya na mkoa, mchezaji mwenye shamba huko Tandahimba au Nachingwea hawezi kuwa mazoezini siku tano kwa wiki wakati korosho zinaanguka, na hapaswi kutukanwa kwa hilo. Fungua daftari la mahudhurio. Mechi zilizochezwa baada ya wiki ambayo chini ya wachezaji 14 walifanya mazoezi, zina pointi ngapi kwa mechi? Zilizobaki? Pengo likiwa kubwa, dawa ni kuhamisha mazoezi yawe saa 12 asubuhi siku tatu, pamoja na kuomba mechi zisogezwe mapema kabla ratiba haijafungwa.

Fedha nazo zina msimu. Michango ya wanachama hunona baada ya minada ya korosho, kwa hiyo timu nyingi zinakuwa na nguvu ya kusajili katikati ya msimu na kukauka mwanzoni, wakati maandalizi yanapofanyika. Andika tarehe ambazo posho zililipwa kweli, uziweke kando ya matokeo. Ni afadhali kuweka akiba ya Desemba kwa ajili ya kambi ya msimu ujao kuliko kuimaliza kwa straika wa dirisha dogo atakayecheza mechi nne.

Na Ramadhani. Katika pwani yetu wachezaji wengi wanafunga, na mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka mmoja unaangukia mechi za kupumua, mwaka mwingine wapinzani wagumu watatu mfululizo ugenini. Tenganisha mechi hizo kabla ya kulinganisha. Mazoezi ya mwezi huo yafanyike saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, yasizidi dakika 60, na maji yanywewe kwa mpangilio kuanzia futari mpaka daku.

Kuhusu kocha

Baada ya yote haya ndipo kocha ajadiliwe. Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi ya nchi yake tangu 1986 hadi 2004, akaona timu zilizofukuza kocha ziliinuka baadaye, lakini timu zilizokuwa na hali ileile bila kufukuza ziliinuka vilevile. Kushuka kwa ghafla hujirekebisha kwa sehemu kubwa. Kocha ana kesi ya kujibu pale ambapo tofauti ya mabao imeporomoka, mashuti ya wapinzani yameongezeka, dakika zilizobaki zilikuwa juu ya asilimia 65, safari na posho havikubadilika. Vitu vyote vinne kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, jadilini hicho kwanza.

Ripoti ya kikao

Iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa andika pointi kwa mechi za misimu miwili na pointi tarajiwa za kila msimu. Chini yake sababu zisizozidi tatu, kila moja na namba yake, mtu atakayeishughulikia na tarehe. Kwa timu yetu ya mfano ingesomeka hivi: pointi 7 zimevuja baada ya dakika ya 75, 5 kati yake ugenini, usiku wa kulala ugenini urudi kuwa angalau mmoja kwa kila mechi, mhusika meneja wa timu, fedha zitengwe kabla ya Julai kwisha, wachezaji watatu wa akiba wapate dakika 400 kila mmoja kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, mhusika kocha, mizani inunuliwe wiki hii, mhusika daktari wa timu.

Ukurasa huo ubandikwe kambini na usomwe tena baada ya mechi ya 10. Siku hiyo msiangalie pointi, kwa sababu katika mechi 10 bahati peke yake hubeba pointi 4 juu au chini. Someni mashuti ya robo saa ya mwisho, usiku uliolalwa ugenini na dakika za wale watatu.